Yafaa Nyumba Ijengwe Mara Mbili

Msomaji, umepata kuona ukuta uliokwisha kupigwa plasta na kupakwa rangi ukitinduliwa kwa patasi na nyundo? Bila shaka umeona. Fundi wa mifereji amefika, na pale anapotaka kupitisha bomba lake pana boriti ya zege. Humuuliza mwashi, naye mwashi humwonyesha ramani. Fundi wa mifereji hutoa ramani yake pia. Zote mbili zimepigwa muhuri, ila hazikupata kukutanishwa hata siku moja. Basi boriti hutobolewa, na mwenye nyumba ndiye alipaye.

Jambo hili tumelizoea hata limekuwa kama ada. Mimi nasema si ada bali ni hasara, na dawa yake ipo. Wataalamu huiita modeli ya taarifa za jengo, nayo hujulikana kwa herufi tatu tu, BIM. Maana yake ni kwamba jengo hujengwa mara mbili: kwanza ndani ya kompyuta, kisha juu ya ardhi. Wala modeli hiyo si picha ya kupendeza macho tu. Kila mlango, kila nguzo na kila bomba huwa na habari zake: kipimo chake, aina yake na mahali lilipo. Msanifu akiusogeza ukuta, michoro yote itokayo katika modeli hiyo hubadilika pamoja, na hesabu ya matofali kadhalika. Modeli ya msanifu na ya wahandisi zikiwekwa pamoja, bomba linalogongana na boriti huonekana kabla mfuko mmoja wa saruji haujafunguliwa.

Fikra yenyewe si ya jana. Mwamerika Charles Eastman aliandika juu yake tangu 1975. Serikali ya Uingereza iliilazimisha katika kazi zake za ujenzi kuanzia Aprili 2016. Je, sisi tunangoja nini?

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya wageni. Nawaomba wafike Lamu. Nyumba za mawe za Mji wa Kale zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake zikalazwa juu ya boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, na kwa sababu hiyo vyumba vile ni virefu na vyembamba. Ilimpasa fundi aijue dari kabla ya kuinua ukuta, yaani nyumba nzima ilikuwa imekwisha kusimama kichwani mwake. Jengo la leo la ghorofa kumi, lenye lifti, stima na mifereji, haliwezi kuenea katika kichwa cha mtu mmoja. Msanifu ana kipande chake, mhandisi chake, mkandarasi chake. Modeli huviunganisha vipande hivyo vikawa kitu kimoja, kama vile vilivyokuwa kichwani mwa yule fundi wa Lamu.

Lakini tusidanganyane. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa liliporomoka mtaani Huruma, Nairobi, na watu wapatao 50 wakafa. Msiba ule ulitukumbusha kwamba hakuna mashine inayoweza kushika nafasi ya ukaguzi. Kompyuta haina dhamiri. Anayepunguza saruji ataipunguza hata modeli ikiwa safi namna gani. Faida iliyopo ni kwamba mkaguzi mwaminifu atakuwa na hesabu mkononi ya vyuma vilivyotakiwa katika kila nguzo, na mdanganyifu atapungukiwa na mahali pa kujificha.

Gharama nazo si ndogo. Programu hizi hulipiwa ada, na ofisi ya msanifu mmoja huko mashambani itaona uzito. Kwa hivyo haifai kumlazimisha mwananchi anayejenga vyumba vitatu kwa kudunduliza. Na ianzwe na majengo yanayojengwa kwa kodi yetu: hospitali, masoko na ofisi za kaunti. Tena siku ya kukabidhiwa funguo, wenye jengo wakabidhiwe na modeli, ili bomba likipasuka baada ya miaka 15, fundi wa hospitali ajue valvu iko wapi bila kubomoa wodi.

La mwisho ndilo kubwa. Modeli ikikomea kwa wenye tai huko ofisini, itakuwa pambo. Anayeinua ukuta ni fundi, na fundi huyo mara nyingi huonyeshwa ramani kwa kidole tu, akaambiwa, "Fanya hivi." Vyuo vyetu vya ufundi na vimfundishe kuisoma modeli, na mkandarasi amsikilize anaposema kwamba kitu fulani hakijengeki. Yeye ameshika mwiko miaka mingi, na aijuavyo kazi hiyo hakuna kompyuta iijuavyo.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Msanifu anayemficha mhandisi ramani, na mhandisi anayemficha fundi, wote wawili wanamjengea mwananchi nyumba ya kutinduliwa kesho. Heri tukosane mezani, mbele ya modeli, ambako kosa hufutwa kwa kidole, kuliko kukosana mbele ya boriti iliyokwisha kutobolewa.