Kisu cha Kukunja



Juma hili tulikusudia kuendelea na mazungumzo yetu ya mirathi, lakini limetuzukia jambo la nyumbani ambalo twaona si vyema kulinyamazia. Kisu chetu cha kukunja, tulichokaa nacho mfukoni kwa miaka 18, kilijifunga chenyewe juu ya kidole cha ahli yetu alipokuwa akikata kamba ya gunia la mchele. Kidole cha shahada, nyuzi tatu. Alhamdulillahi, kidole chakunjika na kukunjuka kama kawaida.

Twakiri mbele yenu kwamba tulijua springi ya kisu kile imelegea tangu kabla ya Ramadhani. Tuliiona, tukajiambia kuwa kisu ni chetu na mkono wetu umekizoea. Tukasahau kwamba kisu kikishawekwa juu ya meza ya jikoni si cha mtu mmoja tena. Mtume (S.A.W.) alimwagiza apitaye msikitini au sokoni na mishale aishike kwa upande wa ncha, asije akamjeruhi Mwislamu, akakataza pia kumpa mtu upanga uliokwisha kuchomolewa alani. Hadithi hizi tumezisomesha madrasani miaka mingi, na kisu kibovu ki mfukoni mwetu.

Basi tukaweka kando shilingi 1,000, wala hatukuwa na zaidi ya hizo baada ya gharama za zahanati, tukatoka kwenda Marikiti kutafuta kingine. Ahli yetu, kidole kikiwa kimefungwa bandeji, alisema, "Mara hii twende sote, Sheikh. Mimi ndiye nikitumiaye zaidi yako." Ni kweli.

Duka la kwanza lilikuwa na visu vya kila rangi. Tulivutwa na kimoja chenye vyombo vingi ndani yake: mkasi, bisibisi, tupa na kizibuo cha chupa za mvinyo. Kisu cha namna hii kina historia, kwani Waswisi walikisajili mwaka 1897 kwa ajili ya maofisa wa jeshi, na kizibuo kile kilikuwamo tangu mwanzo. Hiki tulichokishika kilikuwa cha kuiga tu, na mkasi wake haukukata hata uzi. Ahli yetu akauliza hicho kizibuo tutakifanyia nini. Tukakirudisha.

Wanaonunua kwa fedha chache wajue kwamba kila chombo kinachoongezwa ndani ya mpini hulipiwa kwa kupunguzwa ubora wa bapa lenyewe. Kwa shilingi hizo mtu hupata bapa moja la maana au vikorokoro sita visivyofaa.

La pili kuangaliwa ni kama bapa lacheza. Likunjue, ulishike kwa pande zake bapa, si kwa makali, ulitikise kushoto na kulia. Likicheza likiwa jipya, baada ya mwaka litakuwa kama lile lililotutia hasarani. Kisha ukikunje uone kama ncha imezama yote ndani ya mpini. Kuhusu kifungio, kilichotupendeza ni pete ya chuma izungushwayo shingoni mwa mpini, ikalizuia bapa lisirudi. Pete hiyo ilitiwa katika visu vya Opinel vya Ufaransa mwaka 1955, na wengi wameiiga. Uzuri wake ni kwamba jicho laona kama imefungwa au la, na anayekunja hahitaji kupitisha kidole mbele ya makali.

Ahli yetu alikuwa na jaribio lake ambalo sisi hatukulifikiria. Alimwomba muuzaji amwache akikunjue mwenyewe kwa ukucha, na viwili vikamshinda kwa ugumu. "Hivi vitafunguliwa kwa meno," akasema. Vikaondolewa.

Chuma nacho kina maneno. Kile cha kale kishikacho kutu hunoleka upesi, lakini hewa yetu ya chumvi hukila, na ndimu na embe hukifanya cheusi. Anayekitaka akikaushe kila akitumiapo na akipake mafuta ya nazi kidogo. Sisi tulichagua kisichoshika kutu upesi, ingawa kinahitaji subira zaidi kwenye kinoo. Palikuwa na kimoja kizuri chenye mpini wa mfupa. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi mfupa wa mzoga ni najisi, na muuzaji hakujua mfupa ule umetoka wapi. Mpini wa mti watosha.

Ukutani palibandikwa tangazo kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Tangazo hilo halimwondolei muuzaji dhima ya aibu aliyoijua akaificha. Lakini nawe mnunuzi usijikalie: katika madhehebu yetu, mwenye kugundua aibu ya tangu dukani hurudisha papo hapo, na akichelewa pasi na udhuru haki yake huanguka. Kwa hiyo kisu hujaribiwa siku ile ile, kwa nyanya na kwa kamba, si baada ya mwezi.

Kijana wetu aliyefuatana nasi alitaka kile kinachofyatuka kwa kubonyezwa. Tulimkatalia, na hapa wazazi tusioneane haya. Sheria ya nchi hii yakataza kubeba silaha ya kudhuru mahali pa umma pasi na sababu halali, na kisu cha namna ile mbele ya askari usiku hakina maelezo. Hata hiki cha embe hakipandi ndege katika mkoba wa mkononi. Anayesafiri akiache nyumbani.

Tulilipa shilingi 850. Mpini wa mti, pete, bapa la urefu wa kidole cha kati.

Kile cha zamani tulitaka kukihifadhi kwenye saraka kwa mapenzi. Ahli yetu hakukubali kilale ndani ya nyumba kikiwa chajifunga. Tulimpelekea fundi, akalipigilia ribiti bapa lisikunjike tena, akalitia mpini mrefu wa mti kwa shilingi 150 zilizobaki. Sasa kimetundikwa jikoni, juu kuliko mikono ya wajukuu, naye hukiparia samaki.