Kurunzi Ikae Mkononi



Kuna jambo ambalo limezungumzwa sana na wavulana wa Kidato cha Tatu na cha Nne tangu tuliporudi likizo. Jambo lenyewe ni kurunzi, na hasa kurunzi zinazofungwa kwenye bunduki. Wenzangu wameziona katika filamu: askari anaingia chumbani gizani, bastola mbele, na chini ya mtutu inawaka taa nyeupe kama mchana. Sasa wanasema kwamba hiyo ndiyo taa ya mwanamume, na kwamba wazee wetu wanaolinda mashamba usiku wangefanya vema kufunga kurunzi zao kwenye magobole. Baadhi ya wazee wamekwisha kufanya hivyo, wala hawakungoja filamu. Mimi nasema wameshika njia ya hatari. Ninazo sababu kadhaa, na moja nitaieleza kwa kituo, kwa kuwa nusura initoe roho.

Mgeni asiyeijua Mwera huenda akauliza, kurunzi ina kazi gani siku hizi na hali umeme umefika vijijini? Jibu ni kwamba umeme huangaza nyumba, hauangazi njia ya shamba. Ukitoka nyumba ya mwisho unaingia katika minazi na mikonge na vichaka, na hapo giza ni lile lile walilolijua mababu zetu. Kifutu hulala katikati ya njia wala hamwondokei mtu. Karibu na mto wa Pangani kuna viboko. Na nguruwe mwitu wakiingia katika mihogo usiku mmoja, mwenye shamba huamka akiwa maskini. Ndiyo maana mahindi yanapokomaa watu hulala juu ya dungu, na kila mlinzi huwa na debe la kupiga, na kurunzi, na mara nyingine gobole.

Mjomba wangu ni mmoja wao. Gobole lake ni la urithi, nalo lina leseni yake. Mwaka jana aliifunga kurunzi yake juu ya mtutu kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, akaikaza kweli kweli, akafurahi sana kwa kuwa sasa mikono yake yote miwili ilikuwa huru kushika silaha.

Mwezi wa Juni nilikwenda harusini kijiji cha pili, nikarudi peke yangu saa saba za usiku. Nilikuwa nimeazima simu ya mama, ile tunayoiita simu ya tochi, lakini ilizimika kabla sijafika nusu ya njia. Badala ya kufuata njia kuu nilikata katikati ya shamba la mjomba ili niwahi kufika. Mahindi yalikuwa yamekauka, na kila nilipopita yalipiga kelele. Ghafula mwanga mkali ukanipiga machoni. Sikuona kitu. Nikasikia sauti, "Nani huyo?" Ulimi wangu ukashikwa. Sauti ikauliza mara ya pili, nami nikapiga kelele, "Ni mimi, mjomba! Shikamoo!" Wenzangu hucheka wakisikia kwamba nilitoa shikamoo wakati ule, lakini sikuwa na neno jingine kinywani.

Marahaba sikuisikia. Mwanga ulishuka polepole mpaka chini, na hapo macho yangu yalipopata nafuu nikaona kwamba nyuma ya mwanga ule ulikuwapo mtutu, na mtutu huo ulikuwa umenielekea kifuani muda wote. Mjomba alikaa chini. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Akaniambia, "Mpwa wangu, nilikwisha kupandisha mtambo."

Basi, tazameni kosa lilipo. Mjomba hakunielekezea bunduki kwa ubaya. Alitaka kutazama tu kinachopita katika mahindi. Lakini mtu aliyefunga taa yake kwenye mtutu hawezi kutazama bila kulenga. Akitaka kuona ni mbuzi au mtoto, kwanza humlenga mtoto, ndipo amtambue. Kila askari hufundishwa tangu siku ya kwanza kwamba mtutu usielekezwe kwa kitu asichokusudia kukipiga. Na taa ya bunduki, ikitumiwa kutafutia, huvunja amri hiyo kila inapowashwa.

Huko Marekani, ambako taa hizi zimeenea sana kwa polisi, msiba umekwisha kutokea. Mwaka 2010, katika mji wa Plano, jimbo la Texas, polisi mmoja alikuwa na bastola yenye taa ambayo swichi yake ilikuwa chini ya kifyatulio. Alieleza baadaye kwamba alikusudia kubonyeza taa. Risasi ikatoka, na mtu asiye na silaha akafa. Huyo alikuwa polisi, aliyepewa mafunzo na mshahara kwa kazi hiyo. Je, mkulima aliyeamka usingizini juu ya dungu?

Sisemi kwamba taa hizo hazina kazi kabisa. Askari anayeingia katika nyumba yenye giza, akijua kwamba ndani yumo mtu mwenye silaha, anahitaji mikono yote miwili na mwanga pamoja. Lakini hata yeye hufundishwa kuchukua kurunzi nyingine ya mkononi kwa kutafutia njia na kutazamia nyuso za watu. Ile ya bunduki ni kwa yule aliyekwisha kumjua adui yake.

Na kwa gobole kuna ubaya mwingine ambao filamu hazionyeshi. Baruti nyeusi hutoa moshi mzito. Ukipiga huku taa inawaka juu ya mtutu, moshi ule huangazwa na kuwa kama ukuta mweupe mbele ya macho yako, usione nguruwe wala shamba. Tena iko sheria. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda kwa kutumia taa. Mtu akikutwa usiku na gobole lililofungwa kurunzi, na Hifadhi ya Saadani iko kusini kwetu, atakuwa na kazi kubwa ya kuwaeleza askari wa wanyamapori kwamba yeye ni mkulima tu.

Wapo watakaouliza, basi mzee ashike vipi kurunzi na gobole kwa mikono miwili? Yafaa avae taa ya kichwani. Taa hiyo hufuata macho, haifuati mtutu, na gobole laweza kubaki limeegemezwa mpaka lihitajike. Au walinde wawili, mmoja mwenye taa. Nami nasadiki kwamba mara nyingi halihitajiki kabisa, maana nguruwe aliyeangazwa ghafula na kupigiwa debe hangoji risasi.

Sasa niseme kidogo juu ya kuchagua kurunzi yenyewe ya mkononi, maana hapa tunadanganywa sana. Nilinunua moja gulioni kwa shilingi elfu tano. Sandukuni iliandikwa lumeni laki moja. Nilipoiwasha nyumbani haikufika hata mnazi wa jirani.

Lumeni ni hesabu ya mwanga wote unaotoka, uende upande wowote. Kandela ni ukali wa mwanga ule unaokwenda mbele. Taa ya sebuleni ina lumeni nyingi lakini haiwezi kukuonyesha kitu kilicho mbali. Watengenezaji wengi waaminifu hufuata kanuni ya Kimarekani ya mwaka 2009 iitwayo ANSI FL1, ambayo huhesabu umbali wa kurunzi mpaka pale mwanga unapobaki robo moja ya laksi, karibu sawa na mwezi mpevu uwanjani. Kwa hesabu hiyo kurunzi ya kandela 2,500 hufika mita 100. Ukitaka ifike mita 200, kandela mara mbili hazitoshi. Sharti ziwe mara nne, yaani 10,000, kwa sababu mwanga hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Hii tumefundishwa darasani, lakini sikuifahamu mpaka niliponunua ile ya gulioni.

Na kwa kwenda njiani mtu hahitaji mita 200. Kifutu humwona kwa hatua tatu. Lumeni mia moja au mia mbili zatosha kabisa, na afadhali kurunzi iwe na mwanga mdogo pia, kwa kuwa jicho huchukua karibu nusu saa kuzoea giza, na mwanga mkali mmoja huliharibia kazi hiyo yote kwa dakika moja. Mwenye kurunzi kali huona vizuri alipoangaza na haoni kitu pengine pote.

Betri ndiyo roho ya kurunzi. Ilikuwa hivyo tangu mwanzo: kurunzi ya kwanza ya bomba, ambayo David Misell alipata hataza yake huko Marekani mwaka 1899, iliwaka kwa muda mfupi tu kisha sharti ipumzishwe, kwa unyonge wa betri za siku zile. Wazee wetu huziita mawe ya tochi, nao huyaanika juani yakichoka ili yapate nguvu kidogo ya mwisho. Yanapatikana katika kila duka, na hiyo ni sifa kubwa. Betri za lithiamu za namba 18650, yaani milimita 18 kwa upana na 65 kwa urefu, zina nguvu zaidi, ila zinataka chaja na uangalifu. Zilizo bora hubeba karibu 3,500 mAh. Ile ya kwangu iliandikwa 9,900. Haikumaliza saa moja.

Mengine ni mepesi. Tazama alama ya maji: IPX7 maana yake yaweza kuzama mita moja kwa nusu saa, nayo yatosha kwa masika yetu. Swichi iwe moja, inayopatikana kwa kidole gizani, bila mimweko kumi ya rangi. Na simu isihesabiwe kuwa kurunzi; mimi niliihesabu hivyo, nanyi mmesikia yaliyonipata.

Asubuhi ya pili yake nilikwenda kwa mjomba nikamkuta amekaa kizingitini na kisu, anakata ile mipira mmoja mmoja. Hatukuzungumza sana. Siku hizi huvaa taa ya kichwani, na asikiapo kitu katika mahindi huita kwanza, tena kwa sauti kubwa mpaka mbwa wa kijijini hujibu. Shangazi hulalamika kwamba hapati usingizi. Vipande vya tyubu vilivyobaki nilivichukua mimi, nimefungia mlango wa banda la kuku.