Uholanzi inafunga soko la fataki za Bonane



Kila Bonane, mdogo wangu anayeishi Uholanzi ananipigia simu saa sita ya usiku ikipita kidogo, na kila mwaka ninashindwa kumsikia. Nyuma yake ni mlio juu ya mlio. Mtu wa Goma akisikia vile kwenye simu, anauliza kwanza: "Mko wapi? Mmelala chini?" Yeye anacheka, anasema ni fataki tu, zile watoto wanaita petari. Lakini aliniambia siku moja kwamba mwaka wa kwanza alipofika kule, yeye na watoto walilala kwenye koridoo, mbali na madirisha, mpaka kukacha. Hakuna mtu alikuwa amewaonya.

Bonane hii hakucheka. Mtoto wake wa miaka 13, yule anayeniita mama mkubwa, alitoka asubuhi ya tarehe 1 pamoja na wenzake kuokota fataki zilizobaki barabarani bila kulipuka. Moja ikamlipukia mkononi. Amepoteza ncha za vidole viwili vya mkono wa kuume. "Mama mkubwa," akaniambia, "ilikuwa imezimika kabisa."

Mdogo wangu akaniuliza: "Nchi hii iko na sheria ya kila kitu, hata siku ya kutoa takataka. Sheria ya hizi fataki ilikuwa wapi?" Nimetafuta jibu kwa ajili yake, na kwa ajili ya wamama wote wa chama chetu wenye mtoto, dada ao wifi kule Ulaya. Sheria zilikuwapo, tena nyingi.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, fataki zinagawanywa katika makundi manne. Kundi la kwanza ni zile ndogo, kama vijiti vya nyota ambavyo mtoto anashika mkononi. Mtu anaweza kuzinunua kuanzia miaka 12. Kundi la pili ni za kuwashia nje, kuanzia miaka 16. La tatu lina nguvu zaidi, kuanzia miaka 18. La nne ni la wataalamu peke yao, wenye cheti na mafunzo. Uholanzi ilikuwa kali kuliko hapo: raia wa kawaida aliruhusiwa makundi mawili ya kwanza tu, na tangu tarehe 1 mwezi wa 12 mwaka 2020, roketi na petari za mlio mkubwa ziliondolewa hata katika hayo.

Kulikuwa pia na sheria ya siku na saa. Fataki za kundi la pili ziliuzwa siku tatu tu katika mwaka mzima, zile za mwisho wa mwezi wa 12. Kuziwasha kuliruhusiwa kuanzia saa kumi na mbili ya jioni tarehe 31 mpaka saa nane ya usiku. Nje ya saa hizo, polisi wanaweza kukutoza faini. Na mtu mmoja hakuruhusiwa kuchukua zaidi ya kilo 25. Wamama, kilo 25 ni nusu ya mfuko wa simenti. Hata kama sehemu kubwa ya uzito huo ni karatasi na udongo, mimi niliposoma namba hiyo nilirudia mara mbili.

Mdogo wangu anasema duka la baiskeli la karibu na kwake lilikuwa linaondoa baiskeli zote mwisho wa mwaka na kugeuka duka la fataki. Hiyo ni kawaida kule. Wengi wanaouza si wafanyabiashara wa baruti. Ni wauzaji wa baiskeli, wa maua, wa vifaa vya bustani. Wateja wanaagiza majuma mengi mbele kwa kupunguziwa bei, kisha wanapanga mstari siku hizo tatu kuchukua mzigo wao. Katika siku tatu hizo soko zima liliingiza zaidi ya euro milioni 100. Kuna wauzaji ambao feza ya siku hizo ndiyo ilikuwa inabeba duka lao mwaka mzima, na hao hatuwezi kuwacheka.

Uangalifu kuhusu duka na ghala ulitoka katika machozi. Tarehe 13 mwezi wa 5 mwaka 2000, siku ya posho, ghala la fataki lilishika moto katikati ya makao ya watu katika muji wa Enschede, karibu na mpaka wa Ujerumani. Watu walitoka nje kuangalia, wengine na watoto mikononi, sababu mwanzoni ilionekana kama maonyesho. Kisha ghala lote likalipuka. Watu 23 walikufa, kati yao wazima-moto wanne. Karibu 950 waliumia, na mtaa wa Roombeek ukabaki majivu. Miaka miwili nyuma ya hapo, Uholanzi ilitoa amri mpya juu ya fataki: namna ya kujenga ghala, umbali kutoka nyumba za watu, mitambo ya kumwaga maji yenyewe moto ukitokea. Tangu wakati huo hakujakuwa tena na msiba kama ule.

Kwa hiyo ghala lililindwa. Mkono wa mtoto ndio haukulindwa, na hapa ndipo nilianza kumwelewa mdogo wangu.

Sheria ya miaka 16 inamshika mtoto mlangoni mwa duka. Haimshiki nyumbani, ambako baba mwenyewe ananunua na kumpatia. Haimshiki asubuhi ya tarehe 1, wakati barabara imejaa makaratasi mekundu na, katikati yake, vitu ambavyo havikulipuka. Utambi unaweza kuonekana umezimika na ndani moto bado unatembea polepole; ao mtoto anaokota kilichozimika kweli, anakiwasha tena, na utambi uliobaki ni mfupi sana hata hana muda wa kukitupa. Waganga wa kule wanawajua watoto wa asubuhi hiyo. Katika Bonane ya kuingia 2025, watu zaidi ya 1,100 walitibiwa hospitalini na kwa waganga wa zamu kwa sababu ya fataki. Vijana wa kiume ndio wengi, na kila mwaka sehemu kubwa ya walioumia ni watu waliokuwa wanapita tu ao wanaangalia. Bonane iliyofuata, hii ya juzi, mvulana wa miaka 17 na mtu mzima mmoja walikufa.

Waganga wa macho ndio waliosema kwa sauti kubwa kuliko wote. Kwa miaka mingi walihesabu, kila mwisho wa mwaka, macho yaliyojeruhiwa na yaliyopofuka, na kila mwaka walipeleka hesabu hiyo kwa serikali na kuomba fataki ziachiwe wataalamu. Polisi nao wakajiunga, sababu usiku ule walikuwa wanarushiwa fataki wao wenyewe, pamoja na wafanyakazi wa ambulansi. Kisha viongozi wa miji. Kule kiongozi wa muji wanamwita burgemeester. Masikio yetu ya Kongo yanasikia mara moja burgumestri wetu, na kweli ni neno moja, lilitufikia kwa njia ya Wabelgiji.

Kisha ikaja korona. Serikali ilikataza fataki zote mwisho wa 2020 ili hospitali zisizidiwe. Waliokuwa wanaumia karibu 1,300 kwa mwaka wakashuka chini ya 400. Bila kutaka, nchi ikawa imefanya jaribio, na matokeo yalionekana kwa macho. Mwaka uliofuata makatazo yakaendelea, lakini walioumia wakapanda tena na kupita 700. Sababu? Watu walikuwa wamejifunza njia. Ubelgiji na Ujerumani ziko saa moja ao mbili kwa gari, hakuna barriere mpakani, hakuna mtu wa kufungua mzigo. Wamama wanaovuka Petite Barrière kila asubuhi wanajua mambo ya namna hii bila kufundishwa: bei ikiwa nzuri upande wa pili, na kitu kimekatazwa upande huu, kitapita.

Kwenye njia hizo hazipiti fataki za kundi la pili peke yake. Zinapita pia za kundi la nne, zile za wataalamu. Inayojulikana zaidi inaitwa Cobra, imetengenezwa Italia, na nguvu yake si ya kuchezea. Wahalifu wanazitumia kulipua milango ya nyumba za watu wanaowadai ao kuwatisha. Katika miaka hii ya karibuni Uholanzi imeona milipuko mamia ya namna hiyo kwa mwaka. Wanaotumwa kuziweka mara nyingi ni vijana wadogo, wanaopatikana kwa ujumbe wa simu na kuahidiwa feza kidogo. Mama mwenye kijana kule, angalia hilo zaidi ya petari za Bonane. Ukikuta kitu cha namna hiyo chini ya kitanda chake, usikichukue kwa basi kukirudisha popote. Acha kilipo, toa watoto katika chumba, ita polisi.

Na kwa kuwa tuko hapo, haya mengine niliambiwa na muganga wa kwetu nilipomweleza habari ya mtoto wetu. Fataki isiyolipuka haiokotwi, hata kesho yake. Mtoto akiungua, weka sehemu ile chini ya maji safi yanayotiririka, dakika 20 nzima, si dawa ya meno, si mafuta ya kupikia. Jicho likiumia, msilisugue na msilibane; lifunikeni kwa kitu kisicholigusa, na mwende hospitali mara moja, hata kama mtoto anasema haliumi.

Turudi kwenye sheria. Vyama viwili vya upinzani vilipeleka mswada bungeni wa kufunga soko la fataki kwa raia. Kwa miaka mingi wazo hilo lilikuwa linashindwa, sababu Waholanzi wengi wanasema Bonane bila fataki si Bonane, na mimi ninawaelewa: ni usiku ambapo jirani asiyekusalimia mwaka mzima anatoka nje, anakupa mkono na maandazi ya mafuta waliyopika mchana kutwa. (Maandazi hayo yanaitwa oliebollen, mdogo wangu anasema yanafanana kabisa na mikate yetu ya asubuhi, wameongeza zabibu kavu na sukari ya unga.) Katika mwezi wa 4 mwaka 2025 baraza la chini la wabunge likakubali, na katika mwezi wa 7 baraza la juu likakubali pia. Bonane ya juzi ikawa ya mwisho kwa sheria ya zamani. Ya kuingia 2027 inapangwa kuwa ya kwanza ya sheria mpya. Vijiti vya nyota na vitu vidogo vya kundi la kwanza vitabaki.

Wabunge waliweka masharti. Wauzaji walipwe fidia ya hasara yao, serikali ionyeshe namna polisi watakavyosimamia katazo, na kuwe na mlango mmoja wa kutokea: chama cha watu wa mtaa kinaweza kumwomba burgumestri ruhusa ya kuwasha fataki pamoja, mahali pamoja, kwa usalama unaokubaliwa. Mimi sharti la pili ndilo linanitia mashaka. Muji kama Rotterdam ulikuwa umekwisha kukataza fataki ndani ya mipaka yake kabla ya sheria hii, na usiku wa saa sita mbingu yake ilikuwa inawaka kama ya miji mingine. Na Ubelgiji na Ujerumani hazijahama mahali zilipo.

Nilimsomea mdogo wangu haya yote kwa simu siku ya yenga, baada ya misa. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba wamama wa mtaa wake wamepita nyumba kwa nyumba na karatasi: wanataka kuunda chama na kumwomba burgumestri ile ruhusa, ili watoto waone fataki kwa mbali, nyuma ya kamba, wakiwa na wazazi wao. Walipofika kwake walimwomba aandike jina, sababu anaheshimiwa pale.

Karatasi bado iko juu ya meza yake ya jikoni. Mtoto anafanya mazoezi ya kuandika kando yake, kwa mkono wa kushoto. Ameniomba niwaulize ninyi: ungekuwa wewe, ungetia sahihi? Leteni majibu yenu kwenye mkutano wa siku ya tano, nitampelekea.