"Ukurasa Haukupatikana": Kosa ni la Nani?

Waama, yapo maneno mawili ambayo mwanafunzi wa Kiswahili wa karne hii huyasoma mara nyingi kuliko beti za washairi wakongwe: "Ukurasa haukupatikana." Aghalabu huyasoma usiku, siku mbili kabla ya kuwasilisha tasnifu, anapokwenda kuhakiki marejeleo aliyoyanakili mwaka uliotangulia. Makala aliyoyasoma kwa macho yake mwenyewe, akayadondoa, akaandika anwani na tarehe kama alivyoelekezwa na msimamizi wake, hayaonekani tena. Palipokuwa na makala pana nambari 404. Naye mtahini, ambaye hana wasaa wa kusikiliza visa vya seva, hubofya kiungo kile, akakuta patupu, akatia alama ya kuuliza pambizoni. Mbele ya jopo, mwanafunzi mkweli na yule aliyebuni marejeleo huonekana mapacha.

Mwanaisimu yampasa aanze na kitenzi chenyewe. "Haukupatikana" imo katika kauli ya kutendeka, nayo kauli hii ina hulka ya kumficha mtenda. Mtoto aliyeangusha gilasi jikoni hamwambii mamaye "nimeivunja", husema "gilasi imevunjika." Kadhalika ukurasa: hakuna aliyeupoteza, hakuna aliyeuhamisha, hakuna aliyesahau kuacha alama njiani. Haukupatikana tu, basi. Wakenya walikwisha kulizoea neno hilo kutoka kwa sauti ya simu isemayo kuwa mteja hapatikani, hata "mteja" likawa jina la mzaha la kila aliyezima rununu yake. Ila aliyezima rununu ataiwasha kesho. Ukurasa uliofutiwa njia hausubiriki hivyo.

Ajabu ni kuwa itifaki yenyewe ya HTTP, kama ilivyoandikwa mwaka 1999, ina msamiati mpana kuliko unaotumiwa na watunzaji wa seva wengi. Nambari 301 husema kitu kimehamia mahali pengine daima. 403 husema kipo lakini mwombaji haruhusiwi kukiona. 410 husema kiliondolewa na hakitarudi. 404 ndiyo isiyojua lolote: seva haikuona kitu, wala haisemi iwapo ukosefu huo ni wa muda au wa kudumu. Kiswahili kinaweza kuzitofautisha hali hizi bila taabu: umehama, hauruhusiwi, umeondolewa, haukuonekana. Kuzitupa zote katika kapu la 404 ni uvivu, wala si upungufu wa lugha.

Je, ukurasa hukosekanaje ilhali upo? Seva ni mtumishi mtiifu asiyekisia. Ikiombwa Ushairi.html, hutazama katika folda iliyoonyeshwa. Likikosekana faili la jina hilo, herufi kwa herufi, hutoa 404 ikaenda zake. Sasa, mhariri wa jarida aandaapo kurasa kwenye tarakilishi ya Windows, Ushairi.html na ushairi.html kwake ni kitu kimoja. Zikishapakiwa kwenye seva ya Linux, hayo ni majina mawili tofauti, na kiungo kilichofanya kazi vyema ofisini hufa siku ya uzinduzi.

Kisa kingine huwachanganya wengi zaidi. Tovuti huhamishiwa WordPress. Ukurasa wa kwanza hufunguka kwa madaha, watu hupiga makofi, lakini kila makala yabofywapo hutoa 404. Makala hayajapotea, yamo yote ndani ya hifadhidata. Anwani zake nzuri hutegemea kanuni zilizoandikwa katika faili dogo liitwalo .htaccess, na seva ya Apache hulipuuza faili hilo iwapo mipangilio yake mikuu inasema AllowOverride None, jambo ambalo katika toleo la 2.4 ndilo la kawaida pasipoandikwa jingine. Dawa ni kuiruhusu folda hiyo moja, kuhakikisha kuwa moduli ya mod_rewrite imewashwa, kisha kuianzisha seva upya. Kwenye Nginx .htaccess haisomwi kabisa. Huko kanuni huandikwa katika mipangilio yenyewe kwa amri ya try_files. Ni kazi ya dakika chache kwa ajuaye. Asiyejua huweza kukaa muhula mzima akilalamika kuwa "mtandao umeharibika."

Hata hivyo, ugonjwa mkubwa ni wa kuhama bila kuaga. Ajapo kiongozi mpya, tovuti hubuniwa upya. Folda ya "machapisho" hugeuzwa "majarida", na viungo vyote vilivyokwisha kuchapwa katika tasnifu na vitabu hukatika kwa usiku mmoja. Mwaka 1998 Tim Berners-Lee, aliyeubuni wavuti, alishatahadharisha kuwa anwani hazijibadilishi zenyewe; watu ndio wanaozibadilisha. Na tiba yake si ghali. Seva huandika kila ombi katika daftari lake, pamoja na nambari ya jibu. Mtu akichambua maombi yaliyojibiwa 404, atapata orodha ya anwani ambazo wasomaji bado wanazitafuta, kisha kwa kila moja aandike mstari mmoja wa Redirect 301 wenye anwani ya kale na mpya.

Wapo wanaojaribu njia ya mkato: anwani zote zilizopotea huelekezwa kwenye ukurasa wa kwanza. Msomaji aliyeomba makala kuhusu vitenzi visaidizi huletewa picha ya wahitimu wakirusha kofia. Hiyo ni hila, tena mbaya kuliko kosa lenyewe, kwani 404 angalau haidanganyi. Wengine huiharibu nambari pasipo kukusudia: katika amri ya ErrorDocument huandika anwani kamili inayoanza na http, na Apache ikamwelekeza msomaji huko badala ya kumpa 404. Yatosha kuandika njia ya ndani inayoanza na mkwaju.

Huenda msomaji akadhani hili ni tatizo la vyuo maskini. La hasha. Jonathan Zittrain na wenzake wa Harvard walionyesha mwaka 2014 kuwa nusu ya viungo vilivyotajwa katika hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani havikuwa tena na maandishi yaliyorejelewa. Mwaka 2024 kituo cha Pew kilikuta kuwa asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo mwaka 2013 hazikufikika miaka kumi baadaye. Tofauti ni kwamba makala ya Kiingereza yakipotea, aghalabu pana mengine kumi juu ya mada iyo hiyo. Makala kuhusu lahaja ndogo ya pwani huenda yalipakiwa mara moja tu, mahali pamoja tu. Internet Archive, iliyoanza mwaka 1996, huokoa mengi, lakini haiwezi kuhifadhi ambacho haikupata kukifikia.

Ndiyo maana suala hili haliwezi kuachiwa mafundi peke yao. Fundi anajua kuandika 301. Hajui ni makala yapi yanarejelewa katika silabasi ya isimujamii, wala kwamba toleo fulani la jarida ndilo pekee lenye nakala ya mahojiano na manju aliyekwisha kufariki. Wanafunzi na wahadhiri wanayajua hayo. Wakae naye siku moja, daftari la seva likiwa mezani, na ukurasa wa kosa uandikwe Kiswahili chenye mtenda: "Idara iliuhamisha ukurasa huu mwaka fulani, ukikosa unachotafuta, mwandikie mhariri kwa anwani hii." Kabla ya hapo, idara iulize nani mwenye nywila ya seva. Si ajabu ikabainika kuwa anayo kijana mmoja tu, na mkataba wake unaisha mwisho wa muhula.