Tazama Chini ya Trela Kabla ya Kupakia

Jamaa za askari ni watu wa uhamisho. Barua huja, na kabla ya juma kwisha vitanda, masufuria na magunia ya mahindi yamekwisha kupangwa juu ya trela. Wengi wetu hukagua kamba na turubai. Wachache huinama kutazama kinachoubeba mzigo wenyewe.

Mwaka 2019, nilipohamishiwa Tororo, trela iliyoletwa nyumbani ilikuwa imeinama upande wa kushoto hali ni tupu. "Imezoea, mwalimu," dereva akaniambia. Niliinama. Springi zake zilikuwa za vipande bapa vya chuma, kimoja juu ya kingine, kirefu juu na kifupi chini. Kile kirefu, ambacho ncha zake zimekunjwa kuwa pete, kilikuwa kimekatika. Katika trela ya namna hiyo, kipande hicho ndicho kinachoishika ekseli mahali pake. Kikikatika, ekseli huweza kusogea nyuma upande mmoja, trela ikatembea mshazari kama kaa na kuzila tairi. Nilikataa kupakia. Tulimngoja fundi siku mbili, na mke wangu hakuniacha nizisahau siku hizo.

Springi za chuma zina heri moja: husema zinapougua. Kutu nyekundu mbichi kati ya vipande, au kandokando ya boliti zenye umbo la U zinazoifunga springi kwenye ekseli, huonyesha kuwa kitu kinacheza. Penye ekseli mbili utaona pia mkono mfupi wa chuma katikati ya springi, unaopanda na kushuka kama mizani ili kugawa uzito. Tazama kama pini yake haijalika.

Trela ndogo za kuvutwa na pikapu huenda zisiwe na springi za kuonekana. Mpira umo ndani ya bomba la ekseli lenyewe. Ukichoka, gurudumu hulala na tairi huisha ukingo mmoja. Hapo fundi wa kando ya njia hana la kufanya. Hubadilishwa ekseli nzima.

Aina ninayotaka jamaa zetu waijue hasa ni ile ya hewa. Utaona mifuko myeusi ya mpira, minene kama ngoma ndogo, kati ya ekseli na fremu, na mirija ikiingia humo. Hewa hutoka katika kompresa ya injini ya lori. Vyombo vya udongo husafiri salama juu yake, nami huipenda kwa hilo. Lakini injini ikizimwa na mfuko ukavuja, trela hushuka polepole, bila kelele. Nimewaona vijana wametandika mkeka chini ya trela za namna hii wakikimbia jua, na watoto wakicheza humo. Waondoeni. Hata fundi haingii chini yake mpaka ameiegemeza fremu juu ya stendi za chuma. Jeki peke yake haitoshi.