Lumbesa ya Gunia na Lumbesa ya Lori



Nyanya inayokatwa leo jikoni mwa familia ya Arusha haikuanzia safari yake sokoni. Huenda ilichumwa Ngarenanyuki, upande wa kaskazini wa Mlima Meru, ikapangwa katika tenga, ikapakiwa kwenye lori, ikateremshwa Kilombero, kisha ikagawanywa mafungu hadi ikaufikia mkono wa mama wa nyumbani. Kila hatua ya safari hiyo ina gharama yake, na gharama zote hatimaye hubebwa na watu wawili: mkulima aliyepanda na mlaji anayenunua.

Katika zama hizi ambapo taifa letu linataka viwanda, mazungumzo mengi ni ya lami, reli, bandari na forodha. Hayo ni mazungumzo ya msingi, na Arusha imeyaona matunda yake. Barabara ya Sakina hadi Tengeru imekuwa ya njia nne. Barabara ya mchepuo ya kilomita 42.4 imeyapa malori njia ya kuukwepa mji. Pale Namanga, kituo cha pamoja cha huduma za mpakani kilifunguliwa rasmi Desemba 2018, ili msafirishaji asikaguliwe mara mbili kwa mzigo uleule. Lakini ipo nguzo moja ya njia hizi ambayo hakuna mkandarasi anayeweza kutujengea. Nguzo hiyo ni kipimo cha haki.

Tuanze na gunia. Lumbesa twaijua sote: gunia hujazwa mpaka mdomoni, kisha huongezwa kilemba juu yake na kushonewa kwa kamba, nalo likahesabiwa kuwa gunia moja. Wakala wa Vipimo haukuchoka kukumbusha kwamba kifungashio cha mazao kisizidi kilo 100, na kwamba mazao yauzwe kwa uzito. Hata hivyo, mkulima anayedaiwa ada ya shule, naye hana ghala wala mizani, huuza kwa masharti ya mnunuzi aliyefika na lori shambani. Tuchukue mfano. Ikiwa gunia la viazi linalohesabiwa kuwa la kilo 100 limebeba kilo 130, mkulima aliyeuza magunia 10 ametoa kilo 300 bila malipo. Hayo ni magunia matatu, nayo ni jasho la mke, mume na watoto waliopalilia pamoja.

Wala hasara haiishii shambani. Kiwanda cha kusindika chakula kinahitaji kujua kitapokea kilo ngapi, lini na kwa bei gani. Gunia lisilojulikana uzito haliwezi kuingia katika hesabu ya namna hiyo. Tukitaka viwanda vinunue mazao ya Meru, basi hatua ya kwanza ni mizani ya uhakika pale mazao yanapokusanywa.

Sasa tulitazame lori. Gunia lililozidishwa hupanda lori, na mara nyingi lori nalo huzidishwa. Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao makuu yake yapo hapa Arusha, imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari pamoja na mzigo wake. Aidha, kila ekseli imewekewa kikomo chake. Wapo wanaodhani kwamba vikomo hivyo ni usumbufu wa maofisa tu. Sivyo. Kati ya mwaka 1958 na 1960, wahandisi wa Marekani waliyaendesha malori mfululizo katika barabara za majaribio jimboni Illinois, wakapima namna lami inavyochakaa. Walibaini kwamba madhara hayaongezeki sambamba na uzito, bali huongezeka kwa kasi kubwa zaidi. Ekseli ikibebeshwa uzito maradufu, madhara yake kwa barabara hukaribia mara 16. Hata ikizidishiwa sehemu moja tu ya tano, madhara hukaribia kuwa mara mbili.

Maana yake ni kwamba tani chache anazozidisha mtu mmoja kwa faida ya safari moja huila barabara iliyojengwa kwa kodi ya watu wote. Analipa abiria wa daladala, ambaye nauli inampanda kwa sababu vipuri havidumu. Analipa mama mjamzito anayekimbizwa hospitali juu ya mashimo. Analipa muuza nyanya, ambaye tenga lake la chini linafika likiwa limepondeka. Mwenye lori hawajui watu hawa, nao hawamjui.

Hapa yafaa tuikumbuke reli. Reli ya Tanga, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893, ilifika Moshi mwaka 1911, na Waingereza wakaifikisha Arusha mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwaka 1963 iliunganishwa na Reli ya Kati kwa kipande cha Mnyusi hadi Ruvu, hivyo Arusha ikapata njia ya chuma mpaka Dar es Salaam. Baadaye, kwa uchakavu wa njia na uhaba wa vichwa vya treni na mabehewa, huduma zilidhoofika mpaka zikasimama, na mzigo mzito ukahamia barabarani. Safari za mizigo zilirejea Moshi Julai 2019, na treni ya abiria ikaingia tena Arusha Oktoba 2020, baada ya takribani miaka 30.

Saruji, mbolea na mafuta ni mizigo inayostahili behewa kuliko lami. Reli ikilala, barabara hubeba isichokiweza. Kwa hiyo, kuitunza reli ni kuitunza barabara, na kuitunza barabara ni kumtunza mkulima.

Mwenye lori naye ana hoja, na ni haki isikilizwe. Atasema kwamba mafuta ni ghali, kwamba mara nyingi hurudi na gari tupu, na kwamba asipozidisha mzigo, mwenzake atazidisha na kumnyang'anya mteja. Hoja hii ina uzito. Mwaminifu akiachwa peke yake katika soko la wasio waaminifu, hufilisika. Ndiyo maana kipimo hakiwezi kuachiwa dhamiri ya mtu mmoja mmoja. Kinahitaji mizani isiyoharibika, mkaguzi asiyenunulika, na wakulima waliojiunga katika ushirika ili wauze kwa sauti moja.

Kwetu Waislamu, jambo hili si geni. Qur'ani ina sura nzima yenye jina la wapunjao vipimo, Al-Mutaffifiin. Inashangaza basi kumwona mtu akijihadhari na riba, kisha akaiona lumbesa kuwa ni desturi ya soko tu. Desturi haihalalishi haki ya mtu kuliwa, na haki ya umma ni nzito zaidi, kwa kuwa aliyeila hatawajua wote wa kuwaomba radhi.

Nyumbani tuna la kufanya. Mama anayenunua jumla Tengeru au Kilombero na aulize kilo, asiulize gunia. Baba mwenye lori na amwambie dereva wake wazi kwamba hamtaki apitishe mzigo uliozidi, wala asimlipe kwa namna inayomlazimisha azidishe. Kijana anayesoma hesabu na apewe mizani, amsaidie babu yake kupima mazao kabla dalali hajafika. Vikundi vyetu vya akina mama, ambavyo huchanga kwa ajili ya harusi na misiba, vinaweza pia kuchangia mizani moja ya kijiji. Bei yake yaweza kurudi katika msimu mmoja wa viazi.

Serikali itajenga, na tuendelee kuidai ijenge na itunze. Lakini barabara mpya ikikabidhiwa kwa watu wanaozidisha mzigo, itachakaa kabla deni lake halijalipwa, na watakaolilipa ni watoto wetu, ambao hawakupakia gunia hata moja.

Wabillahi tawfiq.