Fidia Si Mavuno

Nikeli ya Kabanga, iliyomo katika Kata ya Bugarama wilayani Ngara, imetafitiwa tangu miaka ya 1970. Januari 2021 Serikali ilitia sahihi mkataba na kampuni ya Kabanga Nickel, ikaundwa kampuni ya Tembo Nickel, ambayo Taifa lina hisa asilimia 16 ndani yake. Mengi yamekwisha andikwa juu ya utajiri huo. Leo twapenda kusema habari ya fedha nyingine, ndogo katika vitabu vya kampuni lakini kubwa kuliko zote kwa mwenye nyumba: fidia anayolipwa mkulima anayeondoka katika ardhi yake ili kuupisha mgodi.

Hatari iliyo kubwa ni kuihesabu fidia kana kwamba ni mavuno ya mwaka mwema. Mavuno huliwa, na mwaka ujao shamba huzaa tena. Fidia ni shamba lenyewe; ni migomba, mibuni na nyumba, vilivyogeuzwa kuwa noti. Aliyekula fidia amekula shamba. Mkungu wa ndizi uliokuwa ukikatwa nyuma ya nyumba bila senti moja, sasa utanunuliwa sokoni, na maharage vivyo hivyo.

Tuseme nyumba moja imelipwa shilingi 20,000,000. Ni fedha nyingi machoni. Lakini ikitumia shilingi 500,000 kila mwezi, zote zitakwisha katika miezi 40. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza siku ya malipo atakuwa angali darasa la nne. Shamba la migomba lililotunzwa lingemlisha hata aoe.

Basi yatupasa kupanga. La kwanza ni ardhi kwa ardhi. Mkulima na atafute shamba jingine mapema, kwa kuwa wanunuzi wengi wenye fedha mkononi hupandisha bei. Tena anunue kwa maandishi, mbele ya Serikali ya Kijiji. La pili ni chakula cha kungojea. Migomba mipya haizai kabla ya mwaka, na mibuni huhitaji kama miaka mitatu. Fedha za kuvuka kipindi hicho zitengwe kando, zisiguswe kwa harusi wala kwa ngoma. La tatu ni masalio. Hayo yasifungwe kitambaani. Yako mabenki, ambayo amana zake zina kinga ya Bodi ya Bima ya Amana mpaka shilingi 7,500,000 kwa mwenye amana. Ziko hatifungani za Serikali, zinazouzwa na Benki Kuu na kulipa riba mara mbili kwa mwaka. Viko pia vyama vya kuweka na kukopa, vyenye manufaa kwa wanachama walio macho, ingawa kinga ile ya amana haivifikii.

Twasema pia, wala hatusemi kwa kunong'ona: fedha hizi ni za mume na mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mmoja kuiuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Itakuwaje basi thamani ya nyumba hiyo, ikiisha kuwa noti, iwe siri ya mmoja? Mama aliyelilima shamba hilo kwa jembe la mkono anayo haki ya kujua kilicholipwa, na hesabu ya benki ifunguliwe kwa majina mawili.

Wako nao watakaobisha hodi wakiwa na maneno matamu. Mwaka 2009 Serikali iliifunga DECI, iliyowahimiza wananchi "kupanda mbegu" za fedha ili wavune maradufu. Wengi hawakuvuna kitu. Iko pia mikopo iitwayo kausha damu. Hata kiwango kilichowekwa na Benki Kuu kwa wakopeshaji wadogo, asilimia 3.5 kwa mwezi, humtoza aliyekopa shilingi 100,000 riba ya shilingi 42,000 kwa mwaka akiwa hajapunguza deni. Anayetoza zaidi ya hapo ni mnyonyaji. Watu wa Kagera wanakijua kidonda cha butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini. Anayekopa kwa rehani ya fidia isiyolipwa bado anafanya butura ya shamba zima.

Huenda mtu akasema: maskini naye ana haki ya kufurahi. Ni kweli, wala hatumwonei choyo anayeezeka bati au kununua pikipiki itakayomletea nauli. Tena haifai kumlaumu mkulima peke yake. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zadai fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Fidia iliyochelewa, huku mtu akiwa hajui apande au asipande, ni ya kuleta madeni. Kwa hiyo Halmashauri, mabenki na maafisa ushirika wafike vijijini kabla ya malipo, si baada ya fedha kwisha.

Taifa halikukubali kuitoa nikeli yake kwa ushuru mtupu; lilidai hisa. Mkulima wa Bugarama naye afuate mfano huo, asitoe mali ila kwa kupata mali. Twawaomba viongozi wa matawi na wafanyakazi wenye ndugu huko walichukue neno hili mpaka kwenye mikutano ya vijiji, lijadiliwe na wake kwa waume. Mgodi una mwisho wake. Watoto wa Bugarama watahitaji kula hata baada ya mgodi kufungwa.